Je, wajua kwa nini injini hugonga asubuhi kisha ikanyamaza?

Julai, Makete au Njombe, gari limelala nje na umande umeganda kwenye kioo. Unapiga stata, injini inawaka kwa kelele za vyuma, halafu inatulia. Jirani anayeosha gari lake ana jibu tayari: "Oili yako nyepesi hiyo. Weka nzito."

Ushauri huu umeenea mno, na kwa tatizo hili hasa ni kinyume cha mambo yalivyo. Usiku oili karibu yote hushuka kwenye sampu, bakuli lililo chini ya injini. Ukiwasha, pampu inaivuta na kuipandisha hadi kwenye kamshafti, shafti ya juu inayofungua valvu, na mpaka ifike, vyuma vya juu vinaishi kwa utando mwembamba uliobaki jana. Sasa chukua vikombe viwili vya uji, mmoja mwepesi, mwingine mzito, vilivyolala mezani hadi asubuhi, uvinyonye kwa mrija. Mwepesi unapanda mara moja. Mzito unakutoa jasho kwanza, na kila uji unavyozidi kupoa ndivyo mrija unavyozidi kukataa. Ukiupasha moto utapanda vizuri tu, lakini injini inauhitaji kabla ya moto.

Ndiyo maana kopo la oili lina namba mbili: yenye W inahusu baridi, ya pili inahusu injini ikiwa na joto. Katika nyuzi 40 tu, 20W-50 ya kawaida ni nzito zaidi ya mara mbili ya 5W-30, na baridi ikizidi pengo linapanuka. Anayehama kutoka 5W-30 kwenda 20W-50 ili anyamazishe asubuhi amerefusha muda wa vyuma kusuguana vikavu. Cha kuchekesha ni kwamba wakati mwingine kelele hupungua kweli, kwa sababu oili nzito huziba nafasi zilizolika. Dalili imefunikwa, kulika kuko palepale. Injini kuukuu iliyolika ni kesi nyingine kidogo. Kwa hiyo kitabu cha gari kisomwe kabla ya ushauri wa jirani, na hata wa makala hii.

Sikio lishike saa zaidi ya mlio. Kelele ya sekunde moja au mbili ni oili ambayo haijafika. Anza na filta: ndani yake kuna mpira unaozuia oili isirudi chini, na filta za bei ya kutupa mara nyingi zina mpira mbovu. Injini kadhaa za Toyota, 2GR-FE ikiwemo, hukwaruza kwa muda huohuo kwenye gia ya VVT-i (mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka) iliyo mbele ya kamshafti.

Kelele inayodumu mpaka injini ipate moto ina habari tofauti. Pistoni ni ya alumini, ambayo hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu, kwa hiyo ikiwa baridi inapwaya na kupiga ukuta wa silinda. Ikipata joto inajaa. Gasketi ya ekzosti iliyopasuka nayo hufanya hivyohivyo, kwa hiyo sikio peke yake lisihukumu. Ya kuogopa ni ile inayokua kadiri injini inavyopata moto. Oili imekuwa nyepesi na beringi za ndani hazina tena cha kuzilinda. Zima, ita gari la kuvuta.

Gia boksi ya otomatiki nayo husingiziwa. Ikikataa kupanda gia ya juu kilomita za kwanza, mara nyingi kompyuta inafanya makusudi. Ila ukiweka D, gari likasita sekunde mbili tatu kisha likaruka, pima kiwango cha oili yake kwanza. Sili zilizokauka ni mtuhumiwa wa pili. Kuliacha linguruma dakika kumi kwenye P hakusaidii sana: kwenye magari mengi oili ya gia boksi hupita ndani ya rejeta, na thamostati huzuia maji ya moto yasifike huko mpaka nyuzi 80 na kitu. Gia boksi hupata joto ikitembea. Subiri mzunguko wa injini ushuke, uondoke taratibu.

Ukimpelekea fundi, usimpelekee gari lililokimbia kilomita kumi likiwa limeshanyamaza. Liache gereji lilale, aliwashe mwenyewe asubuhi.