Kirsch si sharubati ya cheri

Wengi hudhani brandi ya matunda lazima iwe tamu, maana cheri ni tamu. Kumbe Kirsch, brandi ya cheri ya Msitu Mweusi, Ujerumani, ni angavu kama maji, na inachoma koo. Cheri zikichachushwa, hamira hula sukari na kuigeuza kileo. Kisha mchanganyiko huchemshwa mtamboni na mvuke wake kukusanywa; sukari inayosalia haipandi na mvuke, hubaki humo. Kinachopanda ni kileo na harufu, na hapo pua huudanganya ulimi. (Vile vinywaji vyekundu vitamu vya cheri ni likeri, vimetiwa sukari.)

Mvinyo wa Muscat (aina ya zabibu) wa Alsace, Ufaransa, ni vivyo hivyo: unanukia zabibu mbivu na waridi, lakini mara nyingi hauna utamu. Harufu hiyo huchangiwa na linaloli, kemikali yenye harufu nzuri, iliyomo pia kwenye majani ya mrehani.