Leseni ya kuazima na muhuri uliokwisha: wageni, wenyeji wao na msimu wa korosho

Kila minada ya korosho inapokaribia, malalamiko ya aina mbili hutufikia kwa pamoja sisi wa Uhamiaji Tanzania. Wenyeji wanasema wageni wanawachukulia vibarua na biashara. Wageni nao, pamoja na wanaowahifadhi, wanasema wamekamatwa bila kujua kosa. Tangu itangazwe Amri ya kuwazuia wasio raia kufanya baadhi ya biashara, Julai 28, 2025, makundi yote mawili yananukuu sheria, na mara nyingi yote mawili yanainukuu vibaya.

Amri hiyo inataja biashara 15. Hatutazirudia zote. Kwa Mtwara na Lindi, zinazogusa watu kila siku ni duka la jumla na la rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, udalali, viwanda vidogo na ununuzi wa mazao shambani. Neno lililotumika ni "asiye raia", kwa hiyo linamhusu hata mwenye kibali halali cha ukaazi. Anayekiuka hukabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na hufutiwa viza na kibali. Waliokuwa na leseni hai siku ile waliruhusiwa kuimalizia muda wake, si kuihuisha.

Raia anayemsaidia asiye raia naye ana adhabu yake: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Kipengele hiki watu hawakisomi. Mfano ni huu: leseni ya halmashauri ina jina la Mtanzania, namba ya mlipakodi ni yake, laini ya uwakala ni yake, lakini duka si lake. Anapewa kitu kidogo kila mwezi kwa ajili ya jina, basi anaona amepata bila jasho. Mkaguzi haangalii karatasi iliyobandikwa ukutani peke yake. Huuliza nani alisaini mkataba wa pango, nani anaagiza mzigo, fedha za mauzo zinalala kwenye akaunti ya nani. Mwenye jina asipoweza kutaja hata bei aliyonunulia katoni ya sabuni, mahojiano huwa mafupi.

Kuhusu mazao, tuelewane. Amri haikumfukuza mnunuzi wa nje kwenye korosho. Korosho, ufuta na mbaazi huuzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka chama cha msingi, mzigo unaingia ghala kuu, unauzwa mnadani. Mnunuzi wa India au Vietnam anashindania huko. Kilichozuiwa kwa asiye raia ni kumfuata mkulima shambani na mzani au kibaba. Kangomba, yaani ununuzi huo wa kificho nje ya mnada, ilikuwa kosa kabla ya Amri hii, na ni kosa pia akiifanya mwenyeji wa Tandahimba.

Sasa vibarua. Raia wa Msumbiji hahitaji viza kuja kutembea, na muda wa kawaida ni siku 90. Kituo kipo Kilambo, upande wa chini wa mto Ruvuma, na Mtambaswala wilayani Nanyumbu, penye Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010. Anatakiwa apite hapo, hati yake igongwe muhuri. Mtumbwi wa usiku hauna muhuri.

Shida ya kwanza ni hesabu. Mgeni ameingia Julai 4, afisa akaandika siku 90. Yeye anajiwekea miezi mitatu, yaani Oktoba 4. Hesabu vizuri: Julai inampa siku 28 ukianzia siku aliyoingia, Agosti 31, Septemba 30. Hizo ni 89. Siku ya 90 ni Oktoba 1. Asubuhi ya tarehe 2 bado yupo Newala anasubiri malipo ya kuokota korosho, na tayari amezidisha. Akitaka kuongezewa muda, aje ofisini kabla haujaisha, si baada. Na kuvuka asubuhi kurudi jioni ili upate muhuri mpya si haki ya mtu. Ni kuomba upya, na afisa anaweza kukataa.

Shida ya pili ni kazi yenyewe. Muhuri wa matembezi hauruhusu kazi. Kupalilia ni kazi, kuokota korosho ni kazi, kubangua ni kazi, hata malipo yakiwa debe la mahindi. Anayetaka kufanya kazi anahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi Daraja B. Tukiri: utaratibu huo ulitungwa ukimlenga zaidi mhandisi wa kampuni kuliko mtu wa jembe la wiki sita, na mjadala wa namna ya kuwahudumia vibarua wa mpakani ni wa haki. Lakini mjadala si kibali. Mwenye shamba anayewapokea, akawalaza kibandani na kuwaficha wakaguzi wakipita, anakuwa mshitakiwa pamoja nao. Mwenye bodaboda au mtumbwi anayewasafirisha kwa magendo yuko pabaya zaidi: faini huanzia shilingi milioni 20 na kifungo hufika miaka 20.

Hapa ndipo huletwa hoja ya undugu. Wamakonde, Wamakua na Wayao wako kingo zote mbili za Ruvuma. Mpaka uliwekwa na Wajerumani na Wareno mwaka 1886 bila kumuuliza mtu. Hakuna anayebisha. Ila undugu hauandikwi kwenye pasipoti. Hata hivyo, wananchi nao waache kutuletea watu kwa sababu ya chale usoni au lafudhi. Wapo Watanzania wa kuzaliwa wenye chale hizo. Chale si ushahidi.

Wapo pia walowezi, waliokuja enzi za vita vya ukombozi wa Msumbiji vya 1964 hadi 1974, Nachingwea ikiwa kambi ya FRELIMO, chama kilichopigana vita hivyo, na hawakurudi. Wajukuu wao wanaomba vitambulisho leo. Kwenye usaili tunauliza wazazi na babu walizaliwa wapi. Barua ya mtendaji inasaidia, haimalizi. Namba ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, nayo si uraia: kuna kitambulisho cha raia, cha mkaazi na cha mkimbizi. Kinachokwamisha wengi ni majina. Cheti kina jina la utotoni, shule ina jina la jandoni, kadi ya mpiga kura ina la tatu. Hati ya kiapo hueleza kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Anayetaka kubadili jina kabisa anahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Zilete kabla ya usaili, si baada ya kukataliwa.

Asiye na uraia wa kuzaliwa wala wa kurithi ana njia ya tajnisi, yaani kupewa uraia kwa kuomba: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka 7 ndani ya miaka 10 iliyotangulia hiyo, ajue Kiswahili au Kiingereza, atangaze nia yake gazetini, Waziri ndiye mwamuzi. Ndoa haikupi uraia siku ya harusi. Mke mgeni wa Mtanzania anaweza kuomba kwa masharti mepesi; mume mgeni wa Mtanzania sheria haimpi nafuu hiyo. Na mtu mzima anayechukua kitambulisho cha uraia cha Msumbiji ili "awe na vyote viwili" anapoteza uraia wa huku. Tanzania haina uraia pacha.

Anayekimbia mapigano ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, si suala la muhuri. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inampa siku 7 tangu aingie kujitokeza kwa afisa husika au mtendaji wa kijiji. Mtendaji asimrudishe mtoni. Atoe taarifa siku hiyo hiyo.

Na vijana wanaokwenda kutafuta madini Montepuez, huko huko Msumbiji: pasipoti ni shilingi 150,000, hudumu miaka 10. Inakuvusha mto tu. Haikupi ruhusa ya kuchimba, na Watanzania waliofukuzwa kule mwaka 2017 wanalijua hilo.