Bolti Tatu za Thamostati

Mteja akiniletea gari linalochemsha humwambia aniachie siku mbili. La kwangu nililipangia nusu saa, Jumamosi asubuhi, nyuma ya nyumba hapa Arusha.

Kazi yenyewe ilikuwa kubadilisha thamostati tu, kile kivali kinachofungulia maji ya injini njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata joto. Kwenye Land Rover Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, thamostati inakaa ndani ya kijumba cha alumini kilichofungwa kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini, kwa bolti tatu ndefu za robo inchi, spana ya 7/16. Hedi ni chuma, bolti ni chuma, kijumba ni alumini. Jaza maji matupu ya bomba miaka na miaka bila kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta inayozuia kutu, alumini italiwa, na ule unga mweupe utajaa kuzunguka bolti na kushika kama saruji. Bolti ya kwanza ilitoka ikilia. Ya pili ilizunguka kiulaini mno, nikajua nimeharibu. Kichwa kilibaki kwenye soketi.

Dawa yake naijua. Unanyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, unaacha hadi kesho yake, kisha unapasha moto kijumba, si bolti, maana alumini hutanuka kuliko chuma. Halafu unakaza kidogo, unalegeza kidogo, nenda rudi, nenda rudi. Vijana wangu gereji nawagombeza kila siku kwa hili. Ila siku hiyo nilikuwa na harusi saa nane.

Kipande kilichobaki ndani ya hedi kilinila muda hadi jioni, nikikitoboa kwa drili. Ncha ya drili hupenda kukimbilia pembeni, kwa kuwa chuma cha kusubu cha hedi ni laini kuliko bolti. Piga alama katikati kabisa, anza na ncha ya milimita 3, usiegemee mashine. Harusini mke wangu alikwenda na daladala.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini nisitupe tu thamostati, kama wengi wanavyofanya. Kwa sababu kuna kimpira kifupi kinachorudisha maji moja kwa moja kwenye pampu. Bila thamostati, sehemu ya maji inazunguka humo bila kuonja rejeta, na asubuhi injini inachelewa kupata joto na kula mafuta bure. Kuipima ni rahisi: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, uangalie kama inafunguka kabla maji hayajatokota. Yangu ilikaa kimya hadi maji yakatokota, na kwa mwinuko wa hapa kwetu yanatokota kwenye nyuzi 95 hivi.

Kifuniko cha rejeta nacho kina kazi, ndicho kinachoshikilia presha ya maji. Cha gari hili ni cha presha ya pauni 9 kwa inchi ya mraba. Muuza spea aliwahi kunipa cha pauni 15 akisema ni kigumu zaidi. Ni kigumu kweli, kitakachopasuka ni rejeta iliyolehemiwa kabla hujazaliwa.

Nilipofungua koki ya chini ya rejeta, halikutoka hata tone. Nilichokonoa kwa waya, ukateremka uji wa kahawia, mzito kama wa ulezi. Nilisukutua kwa mpira wa bustani kutokea chini kwenda juu mpaka maji yakatakata.

Jumatatu nikakuta tone chini ya pampu ya maji. Pampu ina kitundu chini yake kilichowekwa makusudi: kikitoa maji, sili ya ndani imekwisha. Na pampu nayo imefungwa kwa bolti za chuma, hazijaguswa tangu ninunue gari hili. Nimeshazinyunyizia mafuta. Safari hii zitalala.