Kuajirika ni nini hasa? Maana kila mtu analitaja tu

Hili neno kuajirika saivi limekuwa wimbo, kila semina ya wahitimu wa biashara lipo, halafu watu wanaishia kuambiwa wajitume na wavae vizuri siku ya intavyuu. Kuajirika sio kuwa na ajira, ajira unaweza ukapewa na mjomba na bado huajiriki. Ni ile hali ya kukalishwa kwenye kiti na kazi ikatoka bila bosi kuanza kukufundisha upya, na kazi ikibadilika na wewe unabadilika nayo.

Chukua hapa hapa Tanga. Mwenye duka la hadwea Ngamiani akimchukua mhitimu wa uhasibu hamuulizi nadharia za uongozi, anamwambia niandalie profoma ya mteja (ile ankara ya bei inayotangulia manunuzi), mzigo 118,000 VAT humo humo, ila VAT ionekane peke yake. VAT ni kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 juu ya bei. Wengi wanapiga 118,000 mara asilimia 18 wanapata 21,240, wakati jibu ni 18,000 kwasababu hiyo 118,000 ni bei pamoja na kodi, yani asilimia 118, kwaiyo unagawa kwa 118 ndo unazidisha 18. Hesabu ya shule ya msingi kabisa! Lakini mtu kazoea maswali ambayo bei inakuja haina kodi, akikutana nayo kinyume anapotea, profoma inarudishwa na mhasibu wa mteja na aibu inabaki kwa mwenye duka.

Kule bandarini ndo usiseme, wakala wa forodha anataka mtu atakayeona uzito kwenye invoisi na kwenye hati ya mzigo haufanani, na aseme mapema kabla gharama za storeji hazijaanza kuhesabika. Kusema mapema nako ni sehemu ya kuajirika, GPA haipimi hilo.

Vyuo vina lawama yao ila na waajiri wasijifanye watakatifu, mwanafunzi wa fild (mafunzo kwa vitendo) unamtuma chai na fotokopi miezi miwili halafu mwakani tangazo lako linataka uzoefu wa miaka mitatu, autoe wapi?

Kwaiyo kama bado upo chuo, fild omba ofisi ndogo yenye mhasibu mmoja aliyezidiwa, huko utashika vocha za malipo, utalinganisha daftari la pesa na statimenti ya benki, utaona ritani ya VAT, yani taarifa ya kodi ya kila mwezi, inavyokimbizwa kabla ya tarehe 20. Kwenye kampuni kubwa unaweza ukamaliza fild yote unapanga mafaili tu.