Seva ya pili peke yake haizuii mfumo kuzimika

Wengi wanaosimamia mifumo ya hoteli na kampuni za utalii hapa Arusha huamini kwamba ukishanunua seva ya pili, yaani kompyuta nyingine ya kuendeshea mfumo, huduma haitakatika tena. Si kweli. Seva zote mbili zikitegemea soketi moja ya umeme, swichi moja ya mtandao na hifadhidata moja (ghala la taarifa za mfumo), hitilafu ya kimoja tu kati ya hivyo huzizima kwa pamoja.

Hata umeme ukiwepo, kuna suala la sesheni, yaani kumbukumbu ya kile mteja anachofanya kwenye mfumo kwa wakati huo, ambalo naona linapuuzwa mno. Mteja anajaza fomu ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, na taarifa zake zimekaa kwenye kumbukumbu ya seva ya kwanza. Seva hiyo ikifa, kisawazisha mzigo, yaani kinachogawa wateja kati ya seva, kinampeleka kwenye ya pili, ambayo haimtambui kabisa. Anaanza upya, au anahamia kampuni nyingine. Sesheni zihifadhiwe nje ya seva za programu, mahali penye nakala.

Kisawazisha nacho kiwe na mwenzake. Kisiridhike kwamba mashine inaitika, maana programu inaweza kuganda huku mashine ikijibu vizuri. Kikague ukurasa unaosoma hifadhidata.

Kwa hifadhidata, nakala tatu ni salama kuliko mbili. Mbili zikipoteza mawasiliano, kila moja yaweza kujiona kuu na kupokea data zake. Kwenye tatu, zile mbili zinazoendelea kuwasiliana huwa na wingi wa kura, na ndizo huendelea.

Kabla ya msimu wa Juni, chomoeni seva moja makusudi, wateja wakiwa wachache, muone kinachotokea.