Jedwali la PDF likiingia Excel, namba hubaki zilezile?

Wengi huamini kwamba jedwali la PDF likigeuzwa kuwa Excel, kila namba hufika kama ilivyokuwa. Imani hiyo inaeleweka, kwani kwa macho jedwali huonekana lilelile.

Kwa kawaida, PDF haihifadhi jedwali lenyewe. Huhifadhi herufi na mahali pa kila moja kwenye ukurasa. Programu ya kugeuza hukisia safu kutokana na mistari na nafasi zilizopo. Hati iliyoskaniwa huwa picha, hivyo programu husoma maumbo, na 5 huweza kugeuka S, au 0 kuwa O. Kwenye orodha ya mishahara au alama za wanafunzi, kosa kama hilo humnyima mtu haki yake.

Jaribu kuchagua neno moja kwenye PDF kwa kipanya. Lisipochagulika, huenda ni picha. Baada ya kugeuza, jumlisha safu wima kwa SUM (fomula ya Excel ya kujumlisha), ulinganishe na jumla iliyochapishwa. Zikitofautiana, tafuta namba zilizoegemea kushoto: mara nyingi Excel imezipokea kama maandishi, na SUM huziruka. Namba za simu zikague peke yake, maana 0 ya mwanzo hupotea Excel ikizichukua kama hesabu.