Mazoezi ya nguvu ya nyumbani kwa wazee wa miaka 80 na zaidi

Kwa mzee aliyekula chumvi nyingi, mazoezi ya nguvu ya nyumbani ni mpango wa harakati chache anazozifanya kwake, siku kadhaa kwa wiki, kwa ugumu unaoongezwa kidogo kidogo, ili miguu isizidi kulegea na mwili usiyumbe anaposimama. Kujinyoosha asubuhi au kwenda msikitini kwa miguu ni jambo jema, lakini hakutoshi kuitwa hivyo, kwa sababu msuli hauongezi nguvu usipopewa kazi inayozidi ile uliyokwisha kuizoea.

Mpango unaojulikana sana ulitungwa katika Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand. Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusu wanawake 233 wa mji wa Dunedin, wote wenye umri wa miaka 80 na zaidi. Waliopangiwa mazoezi walitembelewa nyumbani na mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) mara nne katika miezi miwili ya mwanzo, kila mmoja akapewa ya kiasi chake, na katika mwaka huo walianguka mara chache kuliko wenzao.

Zoezi ninalolipa uzito zaidi ni la kuinuka kitini. Kiti kiwe kigumu, kisicho na magurudumu, kimeegemezwa ukutani. Mzee akae ukingoni, arudishe nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainamishe kifua mbele, ndipo asimame, kisha aketi polepole bila kujibwaga. Huanza kwa kujisukuma kwa mikono miwili, baadaye mmoja, na mwishowe mikono hukunjwa kifuani. Mjukuu anayekimbilia kumshika bibi kwapani kila anapotaka kuinuka humnyima, kwa nia njema kabisa, zoezi hilo hilo.

Wanaodhani umri umeshapita wazingatie utafiti wa Boston wa mwaka 1990, ingawa wahusika waliishi katika makao ya wazee: watu 10 wenye wastani wa miaka 90 walianza mazoezi ya uzito ya wiki 8, na nguvu za miguu ya wale 9 waliomaliza zikapanda kwa wastani wa asilimia 174.

Mwenye ugonjwa wa moyo au aliyevunjika mfupa karibuni aanze baada ya kuonana na daktari, na yeyote anayepata kizunguzungu au maumivu ya kifua aache papo hapo.